Kanuni Isiyo na Sababu

Katika madrasa za nahau zilizostawi Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyekwisha kuimarika katika kusoma aghalabu alitiwa mkononi kijitabu cha Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Fez aliyefariki mwaka 1323, naye akaanza kuzoezwa irabu, ambayo ni kulitwaa neno moja moja la Kiarabu na kueleza ni la aina gani, lina kazi gani katika sentensi, limeishia kwa sauti gani, na sauti hiyo imeletwa na nini. Katika ule mfano mkongwe usemao kwamba Zaidi alimpiga Amri, haikumtosha kijana kusema kuwa Zaidi ndiye mtendaji, bali ilimpasa aitaje na sauti ya "u" iliyo mwishoni mwa jina la Zaidi, kisha akitaje kitenzi kilichoidai sauti hiyo.

Nayataja haya kwa kuwa naamini kwamba somo la Kiingereza katika shule zetu za sekondari limepungukiwa na kitu hicho hicho, yaani sababu. Hapa Tanzania watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu, historia na elimu ya viumbe zimekwisha kuvaa lugha nyingine. Na katika dhiki hiyo kanuni za Kiingereza huwajia kwa mfululizo, zikaandikwa ubaoni, zikanakiliwa, zikahifadhiwa, zikarudishwa siku ya mtihani kama zilivyopokewa. Mtoto huambiwa atie herufi "s" mwishoni mwa kitenzi pindi mtendaji awapo mmoja asiyekuwa msemaji wala msemeshwa, asiambiwe kuwa huo ni upatanisho, jambo alilokuwa akilitenda pasipo kukosea tangu utotoni kila aliposema kiti kimevunjika na viti vimevunjika. Kiingereza kimebakiwa na masalio machache tu ya upatanisho wa kitenzi na mtendaji wake, ilhali mtoto wetu ameubeba mzima kinywani mwake. Na mwalimu atakayemwonyesha hivyo atakuwa amemwondolea hofu kabla ya kumwondolea kosa. Kadhalika vile vijineno viwili, "a" na "the", ambavyo humsumbua mwanafunzi hata akafika chuo kikuu, havina ndugu wa sura katika Kiswahili, lakini maana yake si ngeni kwetu, kwani asemaye nimeona kitabu na asemaye nimekiona kitabu hawasemi jambo moja, na huyu wa pili anakitaja kitabu ambacho msikilizaji anakijua.

Lakini zipo kanuni ambazo hata zikitafutiwa sababu ndani ya lugha yenyewe, haipatikani, na hizo mwanafunzi anastahili kuambiwa kweli yake. Ile marufuku ya kumalizia sentensi kwa kihusishi ina nasaba inayojulikana: mwaka 1672 mshairi John Dryden alimshutumu Ben Jonson kwa tabia hiyo, na baadaye akarudi katika maandiko yake mwenyewe na kuyasahihisha; mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alikiri katika kitabu chake cha sarufi kwamba Kiingereza kina mwelekeo mkubwa wa kusema hivyo, akashauri tu kwamba uandishi wenye heshima unapendezewa na mpango mwingine; na waliokuja baadaye wakaugeuza ushauri huo kuwa haramu. Sisemi kwamba shauri la Lowth lidharauliwe. Nasema kwamba kijana anayekosa upatanisho na kijana anayemaliza kwa kihusishi hawajatenda kosa la daraja moja, na kalamu nyekundu inayowapiga mstari sawasawa inawafundisha wote wawili jambo lisilo kweli.

Upungufu huu wa sababu hauniumizi popote kama katika uhakiki wa fasihi. Mwanafunzi wetu anazijua istilahi: tashbihi, istiara, tashihisi, mubalagha, ishara, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na aweza kuzitoa katika shairi kwa wepesi. Mpe Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, atakuandikia kwamba boga ni ishara ya utamaduni wa Kiafrika, naye atapata alama yake na kupita. Laiti angeulizwa kwa nini liwe boga, isiwe mti mkubwa, kaburi au ngoma! Hapo angelazimika kufikiri kwamba mmea wa maboga hutambaa wenyewe, huliwa tunda na majani, humlisha hata aliyekwisha kuhama kiambo, wala haumzuii mtu kujenga kwingine. Na kwa hiyo Lawino, anapomkataza mumewe kuung'oa, hamwamuru arudi kukaa katika boma la kale, bali anamwomba asiharibu kisichomdhuru. Hiyo ni hoja nyembamba zaidi na yenye nguvu zaidi kuliko ile ya utamaduni, na haipatikani kwa kutaja jina la istilahi.

Tena angeulizwa ni nani asemaye. Vijana wengi huandika kwamba mshairi anaichukia elimu ya Wazungu, hali ya kuwa maneno yale ni ya mke aliyeachwa upande kwa ajili ya mwanamke mwingine aitwaye Clementine, mke mwenye wivu, maumivu na ulimi mkali, na aliyemtungia maneno hayo alikuwa mtu aliyesoma Oxford. Na mwaka 1970 Okot huyo huyo alimpa mume naye wimbo wake ili ajibu. Kupambanua sauti ya mhusika na sauti ya mtunzi ni mlango wa uhakiki wote, nao unabakia umefungwa kwa mwanafunzi aliyezoezwa kuokota istilahi tu.

Kuhusu insha nitasema kwa ufupi. Michel de Montaigne alipotoa insha zake mwaka 1580, hakuwa na desturi ya utangulizi, hoja tatu na hitimisho, na hapa kwetu Shaaban Robert, aliyetoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, alituachia nathari ambayo haiwezi kusimama katika kipimo hicho. Utaratibu wa aya tano unamfaa anayeanza na unamfaa msahihishaji mwenye haraka. Basi mwanafunzi aelezwe hivyo, asije akaikata hoja yake moja njema vipande vitatu dhaifu kwa kudhani kuwa sheria imemtaka. Alama za kunukuu na jina la kitabu lililopigiwa mstari ni nyepesi zaidi kuelezeka: msomaji ana haki ya kujua wapi maneno ya mwingine yanaanza na wapi yanaishia.

Walimu watanijibu kwamba madarasa yamejaa na muhtasari ni mrefu, nami siwakanushi, kwani mzigo wao naufahamu. Sentensi moja tu mwanzoni mwa kipindi, ikichambuliwa kwa sauti na mwanafunzi mmoja kwa namna ya irabu, neno na kazi yake na sababu yake, haitaila saa. Na wanaotunga mitihani, ambao ndio wanaoamua kwa hakika kinachofundishwa, wanaweza kuanza na swali la fasihi linalotoa alama moja kwa anayeitaja istiara, na alama tatu kwa anayeeleza istiara hiyo inafanya nini mahali pale ilipo.