Hata kaa wa pwani wamewekewa askari?

Kijana wa Manzese au Buguruni akipata siku mbili za mapumziko haendi Ngorongoro kulala hotelini. Hununua mshipi, ndoana mbili na chubwi, akapanda daladala kuelekea baharini. Starehe yake ni hiyo. Chambo ni utumbo wa kuku. Kitoweo ni changu wawili watatu na kaa, Mungu akijalia.

Sikukuu iliyopita mimi na wenzangu watatu tulikwenda kaskazini ya jiji. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, mwamba uko wazi. Hiyo ndiyo saa kaa wamejibanza chini ya mawe, na mwenye kulabu ya waya na macho makali hakosi. (Ila magando yao! Mwenzetu mmoja alirudi na kidole kama ndizi.) Ndoo haijafika hata nusu, akatokea askari wa hoteli moja na rungu lake: eti hapo ni eneo la wageni, tuondoke. Tukamwuliza, eneo hilo linaishia wapi? Akanyoosha rungu baharini!

Sasa tuulizane. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Ukuta tuliouona, maji yakijaa yanaulamba. Nani alitia saini? Kibanda cha mama lishe kikikosea hatua moja tu, mgambo wanafika kabla chai haijachemka. Ukuta wa kigogo, tunaambiwa suala "linashughulikiwa".

Wakati tunakusanya ndoo yetu, boti ya hoteli hiyo hiyo ilikuwa inatoka na wageni kwenda kuvua nguru na sulisuli kwa raha zao. Hatuwaonei wivu. Wamelipa, na wavue. Lakini dola zao zimelipia boti na chumba, hazikununua mwamba.

Watasema vijana wanaharibu. Wapo, na tusifichane: anayebeba kaa jike mwenye mayai, anayepindua mawe na kuyaacha hivyo hivyo, anayekata mikoko, huyo anajiibia mwenyewe. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, kuvua huko ni marufuku, na tunaheshimu. Hoteli si hifadhi, wala mlinzi wake si ofisa uvuvi.

Waziri wa Ardhi atueleze hadharani ni hati gani ilivuka mchanga ikaingia majini. Ukuta urudishwe nyuma, na njia ya miguu iachwe. Sisi bamvua ijayo tunarudi pale pale, na ndoo ile ile.