SHERIA KATIKA BIASHARA: Sheria Zatoka Wapi?

Watu wengi wakisha kuuziana kitu husema, "Tumepatana, na mashahidi walikuwapo, basi, imekwisha." Na mara nyingi huwa imekwisha kweli, kwa kuwa watu wengi ni waaminifu. Lakini siku ya ugomvi, hakimu haulizi tu kama mlipatana. Auliza mlipatana juu ya kitu gani, kwa namna gani, na ni sheria ipi ihusuyo kitu hicho. Sheria ya gunia la mahindi siyo sheria ya ekari ya shamba. Kwa hiyo juma hili yafaa tujue kwanza sheria za Kenya zatoka wapi.

Iliyo juu ya zote ni Katiba, ambayo ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Sheria yo yote ipinganayo nayo, hata ikiwa desturi ya wazee, ni batili kwa kadiri ipinganavyo. Chini yake ziko sheria zilizotungwa na Bunge, na zile zitungwazo na mabaraza ya kaunti, kama zile za ushuru wa soko. Kisha, palipo na pengo katika sheria hizo, hutumika sheria ya Kiingereza iliyojengwa na hukumu za majaji, na kanuni za insafu, na baadhi ya sheria zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Lakini kwa kadiri tu hali ya nchi yetu na watu wake inavyoruhusu. Mwisho iko desturi, ambayo huongoza mahakama katika madai ya watu walio chini ya desturi hiyo, mradi isiwe kinyume cha haki na maadili wala cha sheria iliyoandikwa. Utaratibu huo uliandikwa katika sheria ya Bunge ya mwaka 1967.

Msomaji asistaajabu kusikia habari za Uingereza. Mpaka mwisho wa mwaka 1960, mapatano ya biashara katika Kenya yalitawaliwa na Sheria ya Mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Tarehe 1 Januari 1961 Kenya ilipata sheria yake yenyewe ya mapatano, nayo ni fupi sana, maana mambo mengi yameachiwa zile hukumu za majaji wa Uingereza.

Hukumu hizo zafundisha nini? Kwamba mapatano yawe na nguvu, mmoja atoe neno la kuuza au kununua, na mwingine alikubali kama lilivyo. Ukimwambia mtu bei yako, naye akataja bei ya chini, hajakubali; ameliua neno lako la kwanza na kuleta lake. Tena kila mmoja atoe kitu chenye thamani, wote wawili wawe watu wazima wenye akili timamu, na jambo lenyewe liwe halali.

Sasa tuyatazame mahindi, ambayo ndiyo riziki ya watu wa Endebess. Yahusika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoanza mwaka 1931 kwa kufuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1893. Sheria hii yasema kwamba bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi zisipokuwa na karatasi iliyotiwa sahihi, wala mnunuzi hajapokea sehemu yake, wala hajalipa cho chote cha kufunga mapatano, mahakama haitayashurutisha mapatano hayo. Siku hizi hata debe moja la mahindi hupita kiasi hicho.

Liko na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mkulima ana magunia 200 ghalani, naye amemwuzia mtu 50 bila kuyatenga. Usiku ghala ikaungua. Hasara ni ya nani? Ni ya mwenye ghala, maana magunia ya mnunuzi yalikuwa bado hayajulikani ni yapi. Angaliyatenga na kuyatia alama mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi akaridhika, jibu lingaliweza kuwa jingine.

Katika mambo ya mifugo, watu wa Mlima Elgon wamekuwa wakipeana ng'ombe kutunziana, na wazee wakijua masharti. Hapo desturi ina nafasi yake. Lakini Trans Nzoia ni nchi ya watu wa namna nyingi. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya Uhuru mengi yalinunuliwa na watu waliotoka huku na huko, wengine kwa njia ya vyama na makampuni. Muuzaji aweza kuwa Msabaoti na mnunuzi Mbukusu, au mmoja wao ametoka mbali zaidi. Je, itafuatwa desturi ya nani? Ndiyo maana watu wa hapa, kupita wengi wengine, hawana budi kuijua sheria iliyoandikwa.

Na hakuna mahali inapouma kama katika ardhi. Sisi tukaao nyuma ya meza za afisi huletewa mapatano yaliyoandikwa katika ukurasa uliochanwa kutoka daftari la mtoto wa shule: fulani amemwuzia fulani ekari moja, fedha zimepokelewa, alama ya kidole gumba. Mnunuzi amejenga nyumba, amepanda miti, pengine amezika mzazi wake pale. Tangu tarehe 1 Juni 2003, mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Haya pengine karatasi ile yayatimiza. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yataka jambo jingine tena: katika maeneo ihusikapo, shamba la kilimo lisiuzwe bila ruhusa ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu siku ya mapatano. Mahakama yaweza kuongeza muda huo kwa sababu ya kutosha. Pasipo ruhusa, mapatano ni batili. Mnunuzi aweza kudai fedha alizolipa, lakini fedha za miaka 20 iliyopita hazinunui ekari leo.

Je, hana tumaini? Hapa yaingia insafu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mbili zisizolingana: moja ilimsaidia mnunuzi kwa njia ya insafu, nyingine ikashika sheria ya bodi kama ilivyoandikwa. Mwaka 2018 mahakama hiyo, katika rufani iliyosikilizwa Eldoret, ilifuata njia ya kwanza. Ilisema kwamba insafu imetajwa na Katiba yenyewe, na kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kumkabidhi mtu shamba hawezi kujificha nyuma ya kosa la kutokwenda bodi. Basi msomaji aona faida ya kujua sheria zatoka wapi: chemchemi moja ilikauka, nyingine ikatoa maji.

Walakini mtu asitegemee insafu kama mkulima asivyotegemea mvua ya Januari. Mnunuzi yule alipata haki yake baada ya kesi na rufani, na si kila mtu awezaye kungoja na kulipa. Gharama ya kufika mbele ya bodi ni ndogo mno mbele ya gharama ya kesi. Aliyenunua mwezi uliopita bado ana nafasi. Ahesabu miezi yake leo, amwendee muuzaji wakiwa bado marafiki, waende pamoja. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na kwa ardhi, daftari peke yake halitoshi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza habari za watu wawili wafanyao biashara kwa shirika, na deni la mmoja linavyoweza kumfikia mwenziwe.