Kufuli Kwanza, Spana Baadaye



Sisi wa Giheta tumezoea vali ya kuzungusha kwa mkono, kama zile za vituo vya kuoshea kahawa. Lakini wenzetu wengi hutafuta kazi katika viwanda vya Gitega na vya chai huko milimani. Penye boila, vali ya mvuke yaweza kuzungushwa kwa hewa ya kompresa, wala si kwa mkono wa mtu.

Tukieleze chombo chenyewe. Juu ya vali hukaa aktueta, yaani mashine ya hewa inayozungusha shina la vali robo mzunguko, kutoka kufungwa hadi kufunguka. Ubavuni mwake hufungwa kidhibiti. Hiki ni kisanduku kinachopokea amri kwa waya wa umeme, kikapima shina limefika wapi, kisha kikaongeza au kupunguza hewa mpaka vali ikae mahali palipoagizwa.

Wako wakubwa wa kazi wanaosema: "Ni boliti chache tu, nenda kafunge, mvuke usisimame." Hapo sisi tunasema hapana.

Kwanza, aktueta nyingi zina springi kali. Hewa ikikatika, springi huirudisha vali ghafla, na kidole kilichoko hapo hakisalimiki. Pili, kidhibiti kikishafungwa hupimwa kwa kuizungusha vali yote, mwisho hadi mwisho. Bomba likiwa na mvuke, huo mvuke utawaendea wenzetu wa upande wa pili ambao hawakuambiwa neno. Tatu, kikifungwa kinyume, husoma vali iliyo wazi kana kwamba imefungwa, na anayeangalia mitambo hudanganyika.

Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake. Bomba lifungwe mbele na nyuma ya vali, na presha itolewe. Umeme ukatwe. Hewa ifungwe, na iliyobaki iachiwe. Kila mahali pawekwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi anayefanya kazi, si mezani kwa mkubwa. Wakati wa kupima, hewa na umeme hurudishwa, lakini bomba hubaki na kufuli na mikono ya watu hukaa mbali.

Hapa kwetu tuna kilima cha Gishora na ngoma zake. Wapigaji wote humfuata aliye kwenye ngoma ya katikati, na hakuna anayejipigia lake. Kiwandani ni vivyo hivyo: mwenye ufunguo ndiye atoe ishara, na asiwepo wa kufungua mvuke nyuma ya mgongo wake.

Tajiri atasema kusimamisha mvuke ni hasara. Ni kweli, saa moja ina gharama. Lakini saa hiyo hupangwa, na mkono uliokatika haurudi. Tahadhari kabla ya hatari.

Wala hatuombi hisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema anayejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe isivyo haki, na kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Juni 2022, mkutano wa Shirika hilo uliingiza usalama kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Burundi ni mwanachama.

Basi tudai mambo manne: kufuli kwa kila fundi, mafunzo ndani ya saa za kazi zenye mshahara, maelekezo ya chombo kwa Kirundi au Kiswahili, na watu wawili kwa kila kazi ya namna hii. Wajumbe wayapeleke mezani kwa mwajiri kabla kisanduku kingine hakijafungwa.

Mtu asikubali peke yake, na asikatae peke yake. Umoja ni nguvu.