SUNGUSUNGU WAKAGULIWE

Sungusungu walioanza huku Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, wamepambana vikali na wezi wa ng'ombe. Lakini upelelezi wao ni wa siri, na huku kwetu na Geita uvumi tu huweza kumponza bibi kizee mwenye macho mekundu.

Mwaka 1976 watuhumiwa walikufa mahabusu Shinyanga na Mwanza. Mwaka 1977 Waziri Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu. Je, mtemi wa sungusungu anawajibika kwa nani?

Napendekeza kila uchunguzi uandikwe daftarini, Halmashauri ya Kijiji ilikague, na idadi isomwe kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu. Mwizi hatafaidika kwa hesabu hiyo, ila raia atalindwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kahama.