Karen Unatuma Barua Pepe, Kawangware Unajitokeza Tu

Wasee, tuongee kuhusu hii mambo ya kuskauti lokesheni. Siku hizi kila mtu Nairobi mwenye kamera ya maana anatengeneza dokumentari, na lazima kuwe na karakana ya ushonaji: vitenge vimening'inia, cherehani zimepangwa, mama anacheka. Picha yenyewe inapendeza, sikatai. Shida ni vile watu wanaitafuta.

Panda 46 pale tao hadi Kawangware. Utapata vyumba vya mabati ambapo mafundi watano, sita wanashona pamoja, kitambaa wametoa Biashara Street. Msee wa kamera anaingia, anacheki ukuta, anacheki dirisha, anasema "hapa ni kali," anaongea na mwenye karakana dakika kumi, anaishia. Mafundi hawajaulizwa kitu, na sura zao ndizo zitakuwa kwa video.

Halafu kuna hesabu. Fundi mwingi hulipwa kwa kipande. Siku ya kurekodi, mtu wa sauti anataka cherehani zinyamaze, mtu wa taa anahamisha meza, wateja wanapata mlango umefungwa. Aliyekuwa amalize sare tatu za shule anamaliza moja. Mwenye karakana amepewa thao kadhaa za lokesheni, fundi amepewa soda. Soda, manze!

Kwangu, bajeti ianze na swali moja kwa kila fundi: leo ungeshona vipande vingapi? Zidisha, lipa. Kama huna doo, rekodi kazi ikiendelea na ukubali kelele. Kusema kweli, dokumentari ya ushonaji isiyo na mlio wa cherehani ni ya nini?

Na usiniambie eti unawapatia umaarufu. Kama video haina jina la karakana wala namba ya kuagiza, mtu aliyependa hilo gauni atalinunua wapi?

Kuna sehemu zimezoea wageni. Kazuri kule Karen, Lady Susan Wood aliianza 1975 na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo wako mamia, na wageni hutembezwa kuona udongo ukigeuka shanga na kupakwa rangi. Amani ya Juu ilianzishwa na wanawake wakimbizi hapa Nairobi 1996, na ushonaji ndio kazi yao. Sehemu kama hizo kuna mtu wa kupokea ombi lako. Karakana ya watu sita haina, kwa hivyo ingefaa upunguze haraka. Lakini sisi hufanya kinyume: Karen tunaandika barua pepe wiki mbili mapema, Kawangware tunafika na kamera shingoni.

Kama adabu haikushtui, sheria itakushtua. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Mwaka 2023, Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi. Sasa fikiria watoto wanaotoka shule kuja kukaa na mama zao chini ya meza ya kukatia. Leseni ya KFCB inakuruhusu kutengeneza filamu, lakini idhini ya mtu unamwomba mwenyewe.

Sam Soko alimfuata Boniface Mwangi kwa miaka kabla *Softie* ifike Sundance 2020. Wewe hujaombwa miaka. Nenda mara mbili bila kamera. Peleka suruali ya kupunguzwa, lipa bei yao, kaa kwa benchi usubiri. Utajua mwanga huingia saa ngapi, stima hupotea lini, na ni anti gani hataki kuonekana kwa sababu zake. Huyo usimwulize mara ya pili. Panga kamera iangalie upande mwingine.