Wanahesabu miaka, kilometa wanazifumbia macho

Tangu Januari 1, 2026, gari la mtumba lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019 haliruhusiwi kuingia Kenya. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutoa ilani ya namna hii kila mwaka, na kila mwaka tunaambiwa ni kwa faida ya mnunuzi. Mimi naona mnunuzi ameachwa palepale alipokuwa, ila sasa anaingia yadini akiamini kwamba gari likiwa la 2019 basi ni zima.

Watetezi wa kiwango hicho, KS 1515, wanasema magari yaliyozeeka hutoa moshi mwingi na huharibika njiani, na kwamba viwanda vya kuunganisha magari vya Thika na Mombasa vinahitaji soko. Haya. Ukomo wa miaka minane na ubaki. Kinachoudhi ni kuufanya kipimo kikuu cha ubora, kana kwamba Toyota Fielder mbili za mwaka mmoja zimechoka sawasawa hata kama moja ilikuwa ya kwenda sokoni na nyingine ya kusambaza mizigo ya kampuni.

Hebu tutazame huo mwaka wa gari unajulikanaje. Gari likiondolewa kwenye usajili wa Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, ili liuzwe nje, hupewa cheti cha kusafirishwa, na humo ndimo unamosomwa mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Hati hiyo ni miongoni mwa zinazowasilishwa forodhani Mombasa. Cheti hicho hicho kina sehemu ya kilometa. Japani gari dogo hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na katika ukaguzi huo kilometa zilizosomwa kwenye mita huandikwa. Kwa hiyo dola imeshika karatasi moja mkononi. Inausoma mwaka, inatoza ushuru wa forodha wa asilimia 35, inaongeza VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine, kisha kilometa inazipita kama haikuziona.

Muuzaji mwenye nia mbaya anaziona vizuri sana. Mita za siku hizi hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo, fundi akiwa ameketi kiti cha dereva. Gari lililoondoka Japani na kilometa 180,000 linasimama Nairobi likionyesha 68,000, limeoshwa hadi kwenye injini, na usukani umevishwa ngozi mpya. Chini miguuni, raba ya pedali ya breki imelika mpaka imekuwa laini, lakini nani huinama hapo wakati broka anamhimiza kwamba kuna mteja mwingine njiani?

Hata ajali huwa imeandikwa. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya mnada yenye alama na mchoro wa bodi. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. W kwenye mchoro ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwagizaji anaweza kuipata karatasi hiyo kabla ya kununua. Anayekopa benki na sacco kulinunua gari lenyewe Nairobi haoni hata nakala.

Wenye yadi husema karatasi hizo ni za Kijapani na nyingine hughushiwa. Tarakimu za kilometa hazihitaji mkalimani, na kilichopokewa na forodha kinaweza kulinganishwa na nakala ya muuzaji kwa nambari ya chesisi.

Jibu linalonimaliza subira kabisa ni lile la kwamba mnunuzi aje na fundi wake. Fundi atasikiliza injini, atachungulia oili, atatambaa chini atafute kutu. Kilometa 112,000 zilizofutwa kwenye mita hawezi kuzirudisha. Na kwa nini raia alipe mtu akisie jambo ambalo serikali yake inalo kwa maandishi? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anachonunua. Hakikusema haki hiyo inakomea lango la bandari. Anayeificha habari hii ni mwongo, na taasisi inayoipokea ikanyamaza inamrahisishia kazi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) tayari humwezesha mtu kutafuta rekodi ya gari mtandaoni na kujua mwenyewe ni nani. Iongezwe humo idadi ya kilometa iliyomo kwenye cheti cha nchi lilikotoka, iandikwe siku ya usajili wa kwanza nchini. Hiyo ni kazi ya kunakili nambari moja, na KEBS, Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) na NTSA hazina udhuru wa kushindwa kukubaliana juu yake.

Nawe unayejiandaa kununua, usitoe hata arubuni kabla hujaona nakala ya cheti cha Japani yenye nambari ya chesisi ya gari unalolitaka, ukalinganisha kilometa zake na za dashibodi. Ukiambiwa nakala imepotea, nenda yadi nyingine.