Dawa wanajua kutupa, njia ya kutokea hawasemi

Hivi ni nani aliyewadanganya vijana wa mjini kwamba mtu akiacha dawa za sonona akaanza kuyumba, basi ukichaa umempanda? Kijiweni ndiyo hukumu hiyo. Nyumbani wanasema karogwa. Daktari naye, kwa haraka zake, anaandika kuwa ugonjwa umerudi. Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea.

Namjua dereva mmoja wa bodaboda aliyemeza vidonge hivyo mwaka na ushei. Siku moja dirishani akaambiwa dawa zimeisha, kanunue nje. Mfukoni hana kitu, akaacha ghafla. Siku ya tatu kizunguzungu, jasho, ndoto za kutisha, na kitu kama shoti ya umeme kinapita kichwani kila akigeuza macho. Shoti hiyo hakuwa nayo hata alipokuwa hoi! Hapo ndipo pa kushtukia. Sonona ikirudi, mara nyingi hunyemelea polepole. Vituko vya kuacha dawa huja ndani ya siku chache, tena vingine vipya kabisa (fluoxetine tu ndiyo hukawia, maana hukaa mwilini kwa wiki kadhaa).

Wazungu nao walidanganyana. Uingereza, mwongozo wa 2009 uliwaambia madaktari kuwa mambo haya kwa kawaida ni mepesi, huisha kama katika wiki moja. Wagonjwa wakapiga kelele weee, hadi mwaka 2019 chama kikuu cha madaktari wa akili huko kikakubali: wapo wanaoteseka sana na kwa muda mrefu. Si wote, wengi hupita salama. Lakini aliyenaswa miezi mitatu utamwambia nini?

Kinachosaidia ni kushuka ngazi kwa ngazi, na ngazi za chini ziwe fupi zaidi. Kwa dawa nyingi za aina hii, kutoka miligramu 20 kwenda 10 ubongo hautikisiki kama unapotoka 5 kwenda sifuri. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Aliyekwisha kuacha na anataabika, arudi kwa daktari. Huenda akarudishiwa kidogo kisha ashushwe taratibu. Aandike kila siku anajisikiaje, amwambie mtu mmoja anayemwamini, na pikipiki aiache mpaka kizunguzungu kiishe. Konyagi na bangi, ndugu yangu, hapo ni kumwagia moto petroli. Na wazo la kujiua likija, hospitali siku hiyo hiyo, usiku usikukute peke yako.

Nanyi mlioko nyuma ya dirisha, kwenye bahasha mnaandika kutwa mara moja, baada ya kula. Namna ya kuacha mbona hamuandiki? Stoo ikielekea kukauka, mwambieni mgonjwa mapema, angali na vidonge vya kupunguzia, siyo asubuhi ile keshapanga foleni.